Leseni ya TF1 mezani kwa Hervé Bourges: uchambuzi wa kisa cha 1996

Mwaka 1996 Baraza Kuu la Utangazaji la Ufaransa, lililojulikana kwa kifupi cha CSA, lilitakiwa kuamua kama TF1 iendelee kurusha matangazo. TF1 ndiyo iliyokuwa televisheni kubwa kuliko zote nchini humo. Zaidi ya theluthi moja ya watazamaji walikuwa wake. Mwenyekiti wa CSA alikuwa Hervé Bourges. Na Bourges huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa TF1 hadi mwaka 1987, serikali ilipoitoa mikononi mwa umma na kuiuza kwa kampuni ya ujenzi ya Bouygues. Aliupinga uuzaji huo, akapoteza kiti. Sasa wanunuzi wale wale walikuwa wanasubiri uamuzi wa chombo anachokiongoza yeye.

Ukikitazama kisa hiki kwa haraka, ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani: mtu wa televisheni anawaamua watu wa televisheni, wote wanajuana, wote wamekula meza moja. Ukikigeuza, kuna hatari ya aina nyingine kabisa: aliyeondolewa amepewa rungu, na waliomwondoa wamesimama mbele yake. Shaka zote mbili zilikuwa na msingi. Hakuna hata moja iliyotimia, na kwa maoni yangu maelezo yake hayapatikani kwenye tabia ya Bourges tu. Yapo kwenye namna sheria ilivyombana, na kwenye kile alichokijua ambacho mwanasheria wa kawaida asingekijua.

Njia aliyopita

Bourges alizaliwa Rennes mwaka 1933, akasomea uandishi wa habari katika chuo cha Lille, akaanza kazi kwenye gazeti la wiki la Kikatoliki liitwalo Témoignage chrétien. Halikuwa gazeti la matangazo ya parokia. Wakati wa vita vya Algeria liliandika juu ya mateso yaliyofanywa na jeshi la Ufaransa, na zaidi ya mara moja nakala zake zilikamatwa na serikali. Kutoka hapo aliingia ofisi ya waziri wa sheria Edmond Michelet, akapewa kazi ya kushughulikia viongozi wa Algeria waliokuwa kifungoni, Ahmed Ben Bella akiwemo. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962 alihamia Algiers, akawa mshauri wa Ben Bella aliyekuwa rais, akachukua hata uraia wa nchi hiyo. Mapinduzi ya Juni 1965 yalimwangusha Ben Bella. Bourges naye baadaye alikamatwa, na safari yake ya Algeria ikaishia hapo. Mahasimu wake wa mrengo wa kulia hawakuisahau sura hiyo ya maisha yake. Walimbandika jina la Mohamed Bourges, na likamfuata kwa miaka mingi.

Mwaka 1970 alikwenda Yaoundé, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kifaransa, Rwanda ikiwa mojawapo, ziliungana kuanzisha chuo kimoja cha kimataifa cha uandishi wa habari. Bourges alikiongoza kwa miaka sita ya kwanza. Mazingira yenyewe yalikuwa haya: Kamerun ya Ahmadou Ahidjo ilikuwa ya chama kimoja, magazeti yalikaguliwa na mamlaka, redio ilikuwa idara ya serikali. Mhitimu akitoka darasani alikwenda kuajiriwa na serikali ile ile ambayo mafunzo yake yalimtaka aihoji.

Mwalimu katika hali hiyo hawezi kunadi uhuru wa habari darasani halafu akarudi nyumbani akidhani kazi imekwisha. Anachoweza kumpa mwanafunzi ni vile vitu vinavyobaki mkononi hata bosi akiwa mkali: kuhakiki kabla ya kutangaza, kutenganisha taarifa na maoni, kujua nani ameleta habari na kwa nini ameileta leo. Kwa maneno mengine, anahamishia ulinzi ndani ya chumba cha habari, kwa kuwa nje hakuna wa kulinda. Chuo hicho kipo hadi leo, kwa jina jingine, ndani ya Chuo Kikuu cha Yaoundé II. Mmoja wa wanafunzi wake wa awali, Jacques Fame Ndongo, alikuja kuwa waziri wa mawasiliano wa Kamerun, jambo linaloonyesha pia kwamba chuo cha uandishi hakimchagulii mhitimu upande wa kukaa.

Yaliyofuata yanaweza kupitwa haraka. Alirudi Lille kuongoza chuo alichosomea, kuanzia 1976 hadi 1980, na akaandika kitabu kilichodai habari nazo zivuliwe ukoloni. Ilikuwa enzi ya mabishano makali ndani ya UNESCO, Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal akiwa mkurugenzi mkuu, na Bourges alifanya kazi chini yake. Mwaka 1981 akapewa RFI, redio ile ambayo leo ina idhaa ya Kiswahili. Mwaka 1983 akawekwa TF1. Baada ya kuipoteza mwaka 1987 aliongoza Radio Monte-Carlo, kisha Desemba 1990 akakabidhiwa televisheni mbili za umma, Antenne 2 na FR3, zilizokuwa na hali mbaya ya fedha. Ni yeye aliyezibadili jina mwaka 1992 zikawa France 2 na France 3. Akatoka mwishoni mwa 1993, akawa balozi wa Ufaransa UNESCO, na Januari 1995 Rais François Mitterrand akamteua mwenyekiti wa CSA.

Sheria ilimwachia nini

Msomaji wa Dar es Salaam anayeijua TCRA au wa Nairobi anayeijua Mamlaka ya Mawasiliano aanze kwa kuelewa tofauti moja. CSA haikushughulika na simu wala vifurushi vya intaneti. Kazi yake ilikuwa redio na televisheni tu. Wajumbe walikuwa tisa: watatu wameteuliwa na rais wa nchi, watatu na rais wa Seneti, watatu na rais wa Bunge. Kila mjumbe alikaa miaka sita bila kurudia. Mwenyekiti alikuwa na kura moja kama wengine, ila kura zikilingana yake ndiyo iliyoamua.

Sasa turudi nyuma kwenye uuzaji wenyewe, maana ndio ulioamua mengi. Sheria ya Septemba 1986, ya waziri François Léotard, iliruhusu TF1 iuzwe. Wagombea wawili wakubwa walikuwa Jean-Luc Lagardère wa Hachette, aliyedhaniwa na wengi kuwa mshindi tangu mwanzo, na Francis Bouygues, mjenzi wa barabara na majengo. Walihojiwa hadharani na tume ya utangazaji ya wakati huo, CNCL. Kipimo kilichotangazwa kilikuwa nani ameahidi zaidi katika utamaduni. Bouygues akaahidi, na tarehe 4 Aprili 1987 akachaguliwa: yeye na washirika wake walipata nusu ya hisa kwa faranga bilioni 3, na leseni ya miaka 10.

Ahadi za utamaduni hazikufika mbali. Vipindi vya wajibu vilisogezwa hadi usiku wa manane, ambako vilihesabika kwenye karatasi bila kumsumbua mtazamaji hata mmoja. Septemba mwaka ule ule kipindi cha mjadala cha Michel Polac, kilichokuwa kimejadili daraja la Île de Ré ambalo Bouygues yenyewe ilikuwa inalijenga, kilifutwa.

Halafu, Februari 1994, mwaka mmoja kabla Bourges hajaingia CSA, Bunge likabadili sheria. Leseni za televisheni zingeongezwa muda mara mbili, miaka 5 kila mara, bila kutangaza zabuni, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Sheria hiyo hiyo ilipandisha kiwango cha juu cha hisa za mwanahisa mmoja kutoka asilimia 25 hadi 49. Bouygues ilikuwa imefungiwa mlango kwa ndani. Mwaka 1996 hakukuwa na Lagardère mwingine kwenye foleni, na CSA isingeweza kumwita.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini Bourges hakulipiza kisasi ajue kwanza kwamba njia yenyewe haikuwepo. Kukataa kuongeza muda kungehitaji sababu za kisheria ambazo zingesimama mbele ya Baraza la Serikali, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, pamoja na kura za wajumbe wengine wanane ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Bouygues.

Lakini sheria iliacha ufa mmoja. Kabla ya leseni kuongezwa, CSA na kituo walipaswa kukubaliana mkataba mpya wa masharti. Makubaliano yakikosekana hadi miezi sita kabla ya leseni kuisha, zabuni ingefunguliwa. Hapo TF1 ilikuwa na cha kupoteza. Kituo chenye mapato makubwa ya matangazo hakitaki kurudi kwenye mahojiano ya hadharani kwa sababu ya kipengele kimoja cha mkataba. Leseni ya TF1 ilikuwa inaisha Aprili 1997; uamuzi wa kuiongeza ulitolewa Septemba 1996. Muda ulikuwa umebana kiasi kile kile ambacho mdhibiti angependa ubane.

Alichokidai, na kwa nini hicho

Aliyetazama TF1 ikivunja ahadi za utamaduni kwa miaka 9 angetarajiwa kudai utamaduni zaidi. Jambo kubwa jipya lililotoka kwenye mazungumzo ya mwaka ule, kwa TF1 na kwa M6, kituo kingine binafsi ambacho leseni yake iliongezwa wakati mmoja, lilikuwa jingine kabisa: alama kwenye skrini za kuwatahadharisha wazazi kuhusu vipindi vyenye ukatili au mambo ya watu wazima. Zilianza Novemba 1996, na France 2 na France 3 zikaungana nao. Duara, pembetatu, mraba. Mraba mwekundu ulimaanisha kipindi cha watu wazima, na hakikuruhusiwa kabla ya saa nne na nusu usiku.

Nadhani hapa ndipo uzoefu wa mtu wa ndani ulipofanya kazi. Mtu aliyewahi kupanga ratiba ya televisheni anajua kwamba saa za utamaduni ukizidai utapewa, na utapewa saa nane za usiku. Anajua pia ni kitu gani hakiwezi kufichwa: alama inayoonekana saa mbili na nusu jioni, familia ikiwa sebuleni. Alama hiyo inamgusa mtangazaji biashara anayelipia tangazo katikati ya filamu, kwa hiyo inamgusa mkuu wa vipindi asubuhi yake. Ni sharti linalouma mahali penye mshipa.

Na utaratibu wake una mkono wa mwalimu. CSA haikupewa mamlaka ya kutazama filamu kabla hazijarushwa, na ingekuwa balaa kama ingepewa. Hiyo ndiyo Kamerun ya Ahidjo aliyoiona. Kila kituo kililazimika kuunda kamati yake ya kutazama, kuamua chenyewe kipindi kiwekwe daraja gani, kisha CSA ikague baada ya kurushwa na kuuliza: hapa mmeona nini tusichokiona? Mwaka wa kwanza na wa pili kulikuwa na mvutano, alama zikapotea au zikawa laini mno, na wazazi wengine hawakuelewa maumbo yale yana maana gani. Zilirekebishwa, na mwaka 2002, Bourges akiwa ameshaondoka, maumbo yakabadilishwa kuwa namba za umri. Namba zilikuwa wazo bora, na lingeweza kupatikana mapema. Lakini kamati za ndani zilibaki.

Je, mkataba wa 1996 uliibadili TF1? Kwa sehemu ndogo. Iliendelea kuwa ile ile, ya michezo ya kubahatisha, filamu za Kimarekani na taarifa ya habari ya saa mbili usiku inayotazamwa na nchi nzima. Mdhibiti aliyepewa ufa mmoja hawezi kuingiza nyumba nzima.

Faili la Elkabbach na faili la nyimbo

Kama kuna mahali ambapo Bourges alipaswa kuona haya kukaa kwenye kiti, si TF1. Ni France Télévisions, yaani France 2 na France 3. Alipoondoka huko mwishoni mwa 1993 nafasi yake ilichukuliwa na Jean-Pierre Elkabbach. Elkabbach akavutia watazamaji kwa kuwapa watangazaji maarufu, akina Jean-Luc Delarue, Arthur na Nagui, mikataba minono ambamo wao ndio walikuwa watangazaji na wao ndio wenye kampuni za kutengeneza vipindi. Habari za fedha hizo zilipotoka mwaka 1996, kishindo kikawa kikubwa, na Elkabbach akajiuzulu. Aliyetakiwa kumchagua mrithi, kwa sheria ya wakati huo, alikuwa CSA.

Angalia jinsi mambo yalivyokaa. Mtu anasimamia uchaguzi wa mrithi wa mtu aliyemrithi yeye, katika taasisi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeipa majina yake mapya. Kila mgombea ni ama rafiki wa zamani, ama mwajiriwa wa zamani, ama mpinzani wa zamani. Kura ya wajumbe tisa ilimpata Xavier Gouyou Beauchamps, na hakuna kashfa iliyotokana na uteuzi wenyewe. Hata hivyo naona kasoro haikuwa kwa aliyechaguliwa. Ilikuwa kwenye sheria iliyompa chombo kimoja kazi ya kuteua wakuu wa televisheni za umma na kazi ya kuwaadhibu. Kuhusu TF1 Bourges alikuwa na mkataba, tarehe ya mwisho na vifungu vya kumwongoza. Hapa alikuwa na hiari, na hiari ndiyo inayomtia mtu majaribuni. Kwenye TF1 gazeti lolote lingeweza kumkagua kwa kusoma sheria. Kwenye uteuzi lingeishia kukisia.

Faili la nyimbo lilikuwa jepesi kwake, ingawa ndilo lililosikika zaidi mitaani. Kuanzia tarehe 1 Januari 1996 redio zilitakiwa zipige nyimbo za Kifaransa kwa asilimia 40 ya nyimbo nyepesi katika saa zenye wasikilizaji wengi, na nusu ya hizo ziwe za vipaji vipya au za kazi mpya. Bunge lilishaamua, CSA ilihesabu tu. Redio za vijana zililalamika. Skyrock ikageukia rap ya Kifaransa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa Kifaransa ambacho wasikilizaji wake walikuwa tayari kukisikia, na rap ya vitongoji vya Paris na Marseille ikapata kipaza sauti ambacho waliotunga sheria, wengi wao wapenzi wa nyimbo za kizamani, hawakuwa wamekikusudia.

Faili lililochelewa

Vijana wa rap walisikika redioni. Kwenye televisheni hali ilikuwa nyingine. Desemba 1998 mwandishi wa riwaya Calixthe Beyala, mzaliwa wa Kamerun, na wenzake walianzisha Collectif Égalité kudai watu weusi na jamii nyingine za asili ya nje waonekane kwenye skrini za Ufaransa. Walitishia kugoma kulipa ada ya televisheni. Mwaka 1999 walikwenda CSA, na Bourges akawapokea. Februari 2000 Beyala na mwigizaji Luc Saint-Éloy walipanda jukwaani kwenye tuzo za filamu za César kuisema hoja hiyo mbele ya nchi nzima.

CSA iliagiza utafiti wa kuhesabu nani anaonekana, katika vipindi gani na katika nafasi gani. Ulitoka mwaka 2000. Tatizo la kisheria lilijulikana: Katiba ya Ufaransa haitambui raia kwa rangi wala asili, kwa hiyo mgao wa asilimia kama ule wa nyimbo usingewezekana kwa watu. Bourges akarudi kwenye chombo kile kile cha 1996. Kipengele kikaingizwa kwenye mikataba ya vituo kikivitaka vizingatie wingi wa asili na tamaduni za jamii ya Wafaransa. Hakina namba, hakina adhabu ya wazi. Ni laini kuliko mraba mwekundu, na vituo vilijua hivyo.

Hili ndilo ninalomlaumu nalo. Mtu aliyeishi Algiers na Yaoundé, aliyeandika juu ya ukoloni wa habari, aliyeongoza televisheni tatu kubwa za Ufaransa kwa nyakati tofauti, hakuhitaji kusubiri mtu kutoka Kamerun aje kumgongea mlango mwaka wa tano wa miaka yake sita. Mwaka 1996, TF1 na M6 zikiwa mezani na saa ya miezi sita ikigonga, ndio ulikuwa wakati wa kudai, maana nguvu ya kudai ilikuwepo. Mwaka 2000 leseni zilikuwa zimeshaongezwa na vituo havikuwa na haraka. Anayemtetea anaweza kusema kwamba mwaka 1996 hakukuwa na vuguvugu la kumbeba, na wajumbe wenzake wangemwona anatafuta ugomvi na Katiba. Huenda. Lakini alama za watoto nazo hazikuwa na maandamano nyuma yake.

Januari 2001 Bourges alimaliza muda wake na kumwachia kiti Dominique Baudis. Baadaye aliongoza umoja wa kimataifa wa wanahabari wanaotumia Kifaransa, na akafariki Februari 2020. Julai 2006 TF1 ilimweka Harry Roselmack, mtoto wa wazazi kutoka Martinique, kusoma taarifa ya saa mbili usiku wakati wa likizo ya mtangazaji mkuu. Ikawa habari ya ukurasa wa kwanza, miaka kadhaa baada ya kipengele kuanza kuandikwa kwenye mikataba. Na mwaka 2009 CSA ilianza kuhesabu tena, safari hii kwa utaratibu wa kudumu, ikitoa matokeo hadharani.